Leseni ya pikipiki nimepata, kuendesha sijafunzwa. Karo yetu inaenda wapi?

Wadau, nina leseni ya pikipiki. Daraja A2, halali kabisa, hakuna polisi atakayenisumbua. Na bado nikikaribia mzunguko wa Globe hapa Nairobi jioni, matatu zikiingia kutoka kila upande, mikono inatetemeka. Kabla mnicheke, someni kwanza.

Jina la shule silitaji. Iko huku Eastlands, na mkiulizana mtagundua zinafanana. Nililipa karo yote mapema nikaambiwa ni "kozi kamili". Kozi! Uwanja wa vumbi nyuma ya gereji, tairi kuukuu zimepangwa, pikipiki moja aina ya Boxer iliyochoka na foleni ya wanafunzi. Zamu yako ikifika unawasha, unachora nane kwa gia ya kwanza, unashuka, unampisha mwenzako. Gia ya tatu tuliisikia kwa mdomo tu. Helmeti ilikuwa moja ya wote, haina kamba, imejaa jasho la kila mtu, na hii ni nchi ambayo sheria inamtaka dereva na abiria wake wote wavae helmeti na riflekta.

Lakini kilichonichoma zaidi ni breki. "Siste, hiyo ya mbele usiiguse kabisa, itakurusha. Tumia mguu." Hilo ndilo somo, mwanzo hadi mwisho. Kweli, ukiinyakua ghafla kwenye kona au kwenye changarawe utaenda chini. Lakini kwa nini usimwambie mtu na upande wa pili? Ukifunga breki, uzito unaegemea mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukilikanyagia linajifunga na kuanza kuteleza. La mbele ndilo lenye mshiko wakati huo, na breki yake ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Mtu anatakiwa afunzwe kuianza taratibu, aongeze nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele, pikipiki ikiwa wima, na ya nyuma isaidie. Hiyo inataka mazoezi, tena mengi, kwa mwendo wa kweli. Sisi tumefunzwa kuiogopa. Sasa matatu ikikukatia Jogoo Road kufuata abiria, utasimama kwa kutumia nini? Kwa maombi?

(Ile Boxer ya shule waya wake wa breki ya mbele ulikuwa umelegea hadi unaning'inia. Pengine ndiko somo lilikotoka.)

Halafu bodi. Ule mji wa mbao na vigari vya kuchezea wa kufunzia sheria za barabarani, mnaujua. Sikatai, kumpisha aliye kulia kwako kwenye mzunguko ni lazima ukujue, na alama za barabarani pia. Lakini nilikuwa nasomea pikipiki na nilichosukuma pale ni kigari! Hakuna aliyenionyesha pale ubavuni mwa lori ambapo dereva hakuoni hata kwa kioo. Hakuna aliyesema kwamba mvua ikianza kunyesha, mistari ya rangi barabarani inateleza kama sabuni, wala kwamba oili inayodondoka kwenye stage huamka na hayo matone ya kwanza. Na msisahau, Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, sisi wa pikipiki haturuhusiwi. Ukienda Mombasa Road, uko huku chini na malori, utake usitake.

Mtihani wenyewe ulikuwa mzaha. Ada ilishalipwa kwa eCitizen, lakini asubuhi hiyo mwalimu akapita akikusanya "ya soda ya wakubwa". Aliyesita aliambiwa ajipange vizuri, asije akarudi nyumbani bure. Nikajibu maswali ya bodi, nikachora nane, nikasimama kwenye mstari, jina likatiwa tiki. Mkaguzi alikuwa kwenye simu. Barabarani hatukutoka.

Na hawa wa A3 je? Hiyo ndiyo ya boda na ya kupeleka vifurushi. Walichora nane ile ile, na hakuna hata mmoja aliyepakia mtu nyuma. Kesho yake ndiye anayembeba mama na mtoto kutoka Donholm. Tangu 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, jiji limejaa hizi mashine, kila mtu ana haraka ya kuziuza na kuzikopesha. Wa kufunza mtu kuziendesha ndio hawa. Kisha ajali ikitokea, tunaambiwa watu wa boda hawana akili.

Najua kuna mtu atakuja hapa na "si uende tu stage, kijana wa boda akufunze na mia tano". Kaka, huyo naye alipitia wapi? Na mimi nimeshalipia mafunzo, kwa nini nilipe mara mbili?

Kwa hivyo naomba vitu viwili tu. Anayemjua mwalimu hapa Nairobi anayefunza kusimama kwa dharura, kupanda mlima ukiwa na abiria, na kuendesha kwenye mvua, anitumie ujumbe. Na kama kuna aliyewahi kudai karo yake kwa shule za namna hii akarudishiwa, aseme alianzia ofisi gani. Mimi risiti ninazo zote, isipokuwa ya soda.