Nyumba za Geffrye, London: wakfu wa wazee uligeukaje makumbusho?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, nyumba za hisani zilizoko Kingsland Road, London, zilijengwa mwaka 1714 kwa wosia wa Sir Robert Geffrye, aliyepata kuwa Meya wa jiji hilo, ili wazee wasio na uwezo wapate pa kuishi. Leo hakuna mzee anayeishi humo, na majengo yale yale yanaitwa Museum of the Home. Inawezekanaje mali ya marehemu iliyotengewa maskini ikapewa kazi nyingine bila wosia kuvunjwa?

Msomawosia: Ndugu Mdadisi, wosia haukuvunjwa, kwa sababu fedha ziliwafuata wazee. Chama cha Ironmongers, yaani wafanyabiashara wa vyuma waliokabidhiwa usimamizi, kilijenga nyumba 14 zenye kanisa dogo katikati, mahali ambapo wakati ule palikuwa bado mashamba, na kila mkazi akapewa chumba chake. Kufikia mwisho wa karne ya 19 mtaa wa Shoreditch, zilipo nyumba hizo, ulikuwa umesongamana mno, wasimamizi wakaona heri wauze kiwanja na kujenga upya Mottingham, kusini-mashariki mwa London, ambako wazee walihamia mwaka 1912. Wakfu ungali hai, ila umehama.

Seremala Mstaafu: Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Majengo hayo yalikuwa hatarini kubomolewa, na yaliponea kwa ombi la watetezi wa sanaa na kazi za mikono, waliolishawishi baraza la London County Council liyanunue. Shoreditch ilikuwa kitovu cha utengenezaji wa samani, hivyo hoja yao ilikuwa na uzito: mafundi wa mtaa wangepata mahali pa kujifunza kwa kutazama kazi bora za zamani. Bustani nayo ilisaidia, maana eneo lile lilikuwa na uhaba mkubwa wa viwanja vya wazi. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1914. Karakana zilipopungua, vyumba vilivyopambwa kwa kufuata zama, vingi vikiwa vya watu wa kipato cha kati, vikawa ndivyo kivutio. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 2019, na milango ikafunguliwa tena mwaka 2021 baada ya ukarabati. Binafsi naipenda zaidi Nyumba Namba 14, iliyorejeshwa katika hali ya enzi za wazee, kwa kuwa humo ndimo maskini anapoonekana.

Binti Pwani: Tusiishie kwenye matumizi ya jengo tukaacha chanzo cha fedha. Geffrye aliwekeza katika Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa, na alikuwa na hisa katika meli iliyosafirisha watumwa. Mwaka 2020 makumbusho yalikusanya maoni kuhusu sanamu yake iliyo juu ya mlango, na wengi wa waliojibu walitaka iondolewe, lakini bodi ikaamua ibaki. Ndugu Mdadisi anauliza iwapo matakwa ya mtoaji yaliheshimiwa. Mimi nauliza kwa nini sanamu yake iendelee kuheshimiwa mahali ambapo wanufaika wake wameshaondoka.