Mrejesho: boneti iliyopauka, baada ya polishi na nta

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama gari lililopauka, linalolala nje huku Kigamboni kwenye jua na upepo wa chumvi, linaweza kung'aa tena bila kwenda kwa fundi rangi. Boneti imekubali. Paa limegoma, na sishangai: pale klia, yaani tabaka angavu linalokaa juu ya rangi, imeshabanduka, na hakuna polishi inayorudisha klia iliyotoka. Hilo ni la kupiga rangi upya.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kuosha. Ndoo moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga ukibaki humo ndio unaochora rangi. Aliyenishauri nivae mfuko wa mkate mkononi kisha nipapase bodi, ahsante sana. Palipoonekana safi palikuwa na vipele tele! Udongo maalumu wa kusafishia rangi ukavitoa. Polishi nilipaka kivulini, kwa uchache, kwa kuwa inakula klia. Nta ikafuata, safu nyembamba tu.

Mliosema nioshee sabuni ya vyombo kila wiki, hapana, inaondoa nta. Nyingine nitapaka kabla ya masika.