Imani kwa matendo kwenye mazoezi ya kufundisha

Swali: Bwana asifiwe, wapendwa. Naanza mazoezi ya kufundisha. Nitaishije Ukristo wangu darasani bila kuhubiri?

Jibu: Anza na madaftari, ndugu. Sahihisha swali la kwanza la wote, ndipo uende la pili, majina yakiwa yamefunikwa. Ukimaliza daftari moja moja, uchovu huwapunja wa mwisho. Na ukiahidi kuyarudisha kesho, yarudishe kesho.

Jibu: Andalio la somo usinakili la mwenzio na kubadilisha tarehe tu. Mkufunzi asipogundua, bado ni uongo.

Jibu: Ukimkaripia mtoto kimakosa mbele ya wenzake, muombe radhi mbele ya haohao, si pembeni. Kusali nao? Muulize kwanza mwalimu mlezi. Wapo wa imani nyingine, na ni vigumu kumkatalia anayewapa alama.