Maonyesho ya mchoraji ninayempenda, nifanyeje nisije nikapita tu?

Muulizaji
Wakuu habari zenu. Kuna mchoraji namfuatilia miaka sita sasa, kila anachoposti nasevu kwenye simu, na wiki ijayo anafungua maonyesho ya peke yake galari ya hapa karibu, kazi zake tu kuta zote. Sijawahi kuingia galari maishani. Naogopa nitazunguka dakika kumi nitoke halafu nijute. Na mwenyewe atakuwepo, nikimkuta nimwambie nini? Mwenye uzoefu anisaidie.

Jibu 1
Hongera sana! Kwanza sahau ulichoona kwenye simu maana simu inazifanya picha zote zilingane ukubwa. Ile picha maarufu ya Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 tu, watu wanafika makumbusho ya Louvre kule Paris wanashangaa kumbe kadogo hivi. Ukiingia zunguka mara moja haraka bila kusoma vibandiko vya maelezo pembeni ya picha, ujue ipi imekushika, halafu rudi kwa hiyo ukae nayo.

Jibu 2
Kama anatumia rangi ya mafuta, usisimame mbele tu, sogea pembeni uitazame kwa ubavu, mwanga ukiipitia utaona vilima vya rangi na mahali alipokwangua akaanza upya, mchoraji Van Gogh anajulikana sana kwa rangi nene za namna hiyo. Mimi niliiona moja ya bahari, kwenye simu ilikuwa bluu tupu, kumbe chini ya bluu kuna wekundu unachungulia kwenye kila wimbi, nikasimama pale mpaka miguu ikauma na ningerudi kesho yake kama isingekuwa siku ya mwisho. Ila usiguse jamani!! Rangi ya mafuta haikauki kama maji, inakauka kwa kushikana na hewa polepole, ikiwa nene ndani inaweza kukaa mbichi miezi na miezi hata kama juu imekauka. Flashi zima, na uliza kabla hujapiga picha.

Jibu 3
Siku ya ufunguzi utaona migongo ya watu kuliko picha. Nenda umsalimie, halafu rudi siku ya kawaida uangalie kwa utulivu. Ukimkuta usiishie "kazi nzuri", hiyo ameambiwa na kila mtu, chagua picha moja umuulize kitu ulichokiona mwenyewe, wachoraji wanafurahi sana mtu akiwa ameangalia kweli. Kidoti chekundu pembeni ya picha maana yake imeshanunuliwa. Na usione aibu kama hununui, hakuna atakayekufukuza.

Muulizaji
Asanteni mno. Kuna picha yake ya mama anaanika nguo, ndiyo iliyonifanya nianze kumfuatilia, naiangalia hapa kwenye simu na kumbe sijui hata ukubwa wake. Kona ya shuka moja ameiacha wazi bila rangi, kitambaa alichochorea kinaonekana. Miaka yote nilidhani ni simu yangu. Nitaanzia hapo, na ndicho nitakachomuuliza.