Siku ya 5 tangu nitolewe mafindofindo: nile nini, na mama mkwe nimwambie nini?

MamaChapo_Kondele

Habari za jioni wenzangu. Mniwie radhi kwa makosa ya kuandika, naandika nikiwa nimelala.

Nina miaka 34 na nauza chapati, maharagwe na ndengu hapa Kondele, Kisumu. Alhamisi nilitolewa mafindofindo, maana mwaka jana peke yake koo lilinilaza mara sita. Daktari aliniambia upasuaji wenyewe ni mdogo. Mdogo kwake. Ajabu ni kwamba siku ya pili nilikuwa naongea vizuri, nikajiona shujaa. Leo siku ya tano hata mate nayameza nikiwa nimeshika ukuta.

Karatasi niliyopewa nikitoka imeandikwa vyakula laini na maji mengi, basi. Laini kama nini? Uji nimekunywa hadi nauota. Aisikrimu ambayo kila mtu aliniahidi nilijaribu jana, ikaniachia ute mzito kooni, nikaanza kukohoa, na siku hizi kukohoa ndicho kifo changu.

Halafu kuna mama mkwe. Amefika juzi kutoka Ugunja na galoni ya lita 5 ya uji uliochachushwa ukachachuka, pamoja na omena wa kukaanga, wakavu, wanaokwaruza hata koo zima. Anasema nisipokula nitaishiwa damu. Kwa heshima nilimeza vijiko viwili vya ule uji. Machozi yakanitoka, naye akadhani nimeguswa na ukarimu wake, akaniongezea.

Nauliza hivi. Masikio yananiuma, hasa la kushoto, na mimi sikupasuliwa sikio. Ndani ya koo naona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na mdomo unanuka hadi baba watoto amehamia kwenye kochi. Ni usaha? Na nitarudi jikoni lini? Dada yangu ndiye anayesukuma chapati sasa na wateja wameanza kuuliza kama tunauza bati.

---

FundiBati_Njoro

Pole sana Mama Chapo. Bati nazijua, ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nawahurumia wateja wako.

Mimi nilitolewa nikiwa na miaka 41, hapa Nakuru, na nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Siku ya nne maumivu yalizidi nikaamua kupumzisha koo. Yaani nisimeze kitu, lipone. Nililala tu, mdomo wazi, na baridi ya Njoro ya mwezi wa saba. Koo likakauka kama ngozi ya ngoma. Kadiri linavyokauka ndivyo linavyouma, na kadiri linavyouma ndivyo unavyoogopa kunywa. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Siku ya sita nilirudishwa hospitali nikatundikiwa dripu kwa sababu ya maji tu. Sikuwa na ugonjwa mwingine wowote.

Nesi aliyenihudumia aliniambia kitu nilichokishika: chakula unaweza kukosa siku mbili tatu na usife, maji ndiyo usiyaache. Mtu mzima atafute lita 2 hadi 3 kwa siku, hata kama ni funda moja kila baada ya dakika tano. Nilijaza chupa ya lita moja asubuhi, mke wangu akawa anaikagua kama mkaguzi wa mita.

Jambo la pili, dawa. Nilikuwa nasubiri niumwe ndipo ninywe. Hapana. Kunywa kwa saa ulizoandikiwa, uumwe usiumwe. Niliweka alamu hata saa tisa usiku, maana ukilala hadi asubuhi bila dawa unaamka umemeza wembe. Kisha usile mara moja. Meza dawa, ngoja nusu saa, halafu ndipo uketi mezani. Hiyo nusu saa ndiyo siri yote.

Nilichokula: viazi vya Molo vilivyopondwa na maziwa na siagi hadi vikawa kama krimu. Mayai ya kuvuruga, yasikauke. Parachichi na chumvi kidogo. Mukimo nilijaribu, lakini nilisahau mahindi yaliyomo, na ganda moja la hindi lilinikalia kooni tangu saa saba mchana hadi taarifa ya habari ya jioni. Nilipungua kilo 6. Suruali ya kanisani bado nafunga na kamba.

---

OmwamiWaBusia

Haya mambo ni rahisi. Chemsha tangawizi, kitunguu saumu na limau, ongeza asali, unywe ikiwa moto kabisa. Asubuhi na jioni sukutua kwa nguvu na maji ya chumvi ili utando huo mweupe utoke. Siku tatu umepona.

---

Sista_Mstaafu_Kakamega

Omwami, nakuheshimu, lakini dawa hiyo ni ya mafua. Kwa kidonda kibichi unamchoma mtu.

Mama Chapo, nilifanya kazi wodi ya upasuaji miaka 27 kabla ya kustaafu, na maswali yako nimeyajibu mara nyingi kuliko nilivyotaja jina langu.

Utando mweupe si usaha. Ni kigaga cha kidonda. Kidonda cha mguu hutoa kigaga cheusi kikavu kwa sababu kiko kwenye hewa, cha kooni kimelowa, ndiyo maana ni cheupe au cha manjano, na ndicho kinachonuka. Usikikwangue, usisukutue kwa nguvu, usiingize mswaki huko. Meno piga mswaki taratibu kama kawaida. Kigaga hubanduka chenyewe kati ya siku ya tano na ya kumi, na hapo ndipo maumivu hupanda tena baada ya mtu kudhani amepona. Kwa hiyo hujarudi nyuma, mama. Uko pale pale unapotakiwa kuwa.

Sikio nalo: mshipa wa fahamu unaohudumia koo unahudumia na sikio. Ubongo unapokea kilio bila kujua kimetoka chumba gani. Dawa ya maumivu ya koo ndiyo dawa yake, usitie mafuta ya moto sikioni, nimeyaona hayo.

Sasa sikiliza sehemu hii kuliko zote. Siku hizo hizo za kigaga kubanduka ndizo damu inaweza kutoka. Ukiona mate yana damu nyekundu, hata kama ni kijiko, usingoje asubuhi, usiulize humu. Keti wima, inama mbele, tema wala usimeze, na uende hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huo huo. Mara nyingi damu hukoma yenyewe, lakini huwezi kujua ya kwako ni ipi. Aspirini usiiguse, inazuia damu kuganda. Dawa nyingine yoyote ya dukani muulize kwanza daktari wako. Na kwa siku hizi acha vinywaji vyekundu na viazisukari, yaani bitiruti. Ukitapika, hakuna atakayejua kama ni damu au ni juisi.

Kuhusu chakula, karatasi inasema laini lakini haikukwambia vitu vinavyochoma: limau, chungwa, nanasi, pasheni, nyanya nyingi, pilipili, na uji mchachu. Asidi haina heshima kwa mama mkwe. Vinavyokwaruza ni omena wa kukaanga, krispi, karanga na ganda la chapati. Vya moto sana viache vipoe.

Wewe uko Kisumu na unauliza laini ni nini? Mrenda! Ile mboga ya kuteleza mnayoiita apoth! Uliumbwa kwa ajili ya koo hili. Ukatwekatwe, upikwe na majani machanga ya kunde, magadi kidogo mno, kisha ugali mwepesi wa kuyumba. Unateleza wenyewe, unameza kabla hujakumbuka kuogopa. Kisha tuma mtu akuletee mgongo wazi, wachemshe mifupa hiyo ya mbuta polepole na chumvi, wachuje mara mbili kwa chujio la chai, maana mwiba mmoja hapo ni balaa. Kunywa supu ikiwa vuguvugu.

Na hapo ndipo jibu la mama mkwe lilipo. Usimwambie chakula chake kibaya. Mwambie, "Mama, daktari amekataa vitu vichachu, lakini amesema nipate apoth, na hapa hakuna anayeijua kama wewe." Mpe kazi.

---

FundiBati_Njoro

Sista, swali kidogo. Mimi daktari wangu aliniambia nile hata mkate uliokaushwa kidogo, ati kutafuna kunafanya misuli ya koo isikakamae. Wewe unasema visivyokwaruza. Nani mkweli?

---

Sista_Mstaafu_Kakamega

Wote wawili. Wako madaktari wanaotaka mgonjwa arudie chakula cha kawaida mapema, na wako wanaotaka laini wiki 2. Kutafuna na kumeza kunasaidia kweli, hata kutafuna bazoka. Fuata aliyeshika kisu, yeye ndiye aliyekiona kidonda chako.

---

MamaBrayo_Nyalenda

Mwanangu alitolewa akiwa na miaka 7. Siku ya tatu nilimkuta chini ya meza na pakiti ya krispi. Watoto wana Mungu wao. Kilichomsaidia kabla ya hapo ni maji ya papai lililosagwa na kuchujwa, nikayagandisha kwenye vikombe vidogo na kijiti, akawa ananyonya. Jaribu dada, joto la Kisumu lenyewe litakushukuru. Aisikrimu ya maziwa hata yeye ilimletea ute, nikaiacha.

---

MamaChapo_Kondele

Wenzangu, nimerudi. Leo ni siku ya 12.

Sista, Mungu akuweke. Siku ya saba, saa nane usiku, nilitema mate nikaona damu. Haikuwa nyingi, mstari tu, na kama nisingesoma maneno yako ningelala. Tulipanda tuktuk na mama mkwe, yeye akiwa amebeba beseni mapajani na kumkemea dereva kwa kila shimo. Nikalazwa hadi asubuhi, wakaniangalia, wakanipa barafu ninyonye. Ilikoma yenyewe. Mama hakulala. Alikaa kwenye benchi na leso yake, kila nesi akipita anamuuliza, "Amemeza?"

FundiBati, ile nusu saa ni kweli tupu. Na alamu ya saa tisa usiku imewafanya majirani wajue historia yangu yote.

Mama mkwe nilimwambia vile maneno yalivyopangwa, kuhusu apoth. Hakujibu kitu. Alifunga leso akaenda soko la Kibuye mwenyewe alfajiri, akarudi na mafungu manne na mgongo wazi kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nimekula mara tatu kwa siku. Galoni ya uji aliinywa yeye na baba watoto, ambaye amerudi kitandani, ingawa bado analala ameangalia upande wa pili.

Jikoni sijarudi, nimeambiwa nimalize wiki 2 na nikae mbali na moshi wa makaa. Lakini kibanda hakijafungwa. Mama alimwonea huruma dada yangu, akaingia, akaanza kukanda unga kwa maziwa ya vuguvugu, anauacha saa nzima ukiwa umefunikwa kitambaa. Jana tuliuza chapati 140. Mteja mmoja wa benki kaniuliza kwa simu kama nimeongeza mtaalamu.

Leo mchana nimekula robo chapati, imelowekwa kwenye supu hadi ikakubali. Ya kwake. Ni laini kuliko zangu, na mtu asimwambie nimesema hivyo.