Mashemeji wangu walinilaghai siku ya jando la mwanangu

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Hili limenikaa kooni tangu Agosti 2024. Sasa mwaka shufwa, mwaka wa jando kwetu Wabukusu, umerudi, Bungoma inaanza tena kulia chinyimba, zile kengele za chuma za watahiriwa, nami siwezi kunyamaza.

Mimi ni Mbukusu na ni Mwislamu. Kijana wangu alipotaka kucheza ngoma ya jando kama wenzake sikumkatalia. Mashehe wengine walininunia, eti ngoma yote ni ushirikina. Niliwajibu kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, Bibi Aisha akitazama nyuma ya bega lake. Imo katika Bukhari na Muslim. Kugonga chuma mkononi na kutikisa mabega si ibada. Na tohara yenyewe ni sunna!

Kwa hiyo nilikwenda mapema kwa mashemeji, nikaomba mawili tu: fahali achinjwe kwa bismillahi, mchinjaji nitamleta kwa nauli yangu, na busaa, ile pombe ya kienyeji, isimwagwe kwa jina la mwanangu. Wakakubali. Tukapeana mikono.

Siku ya kwenda kwa khocha, yaani mjomba wa mtoto, tunafika, fahali keshachunwa! Mchinjaji wangu kasimama pale, kisu bado kimeviringishwa kwenye gazeti. Mara mzee mmoja akatoka na luliki, ile nyama ya kidari, mbichi kabisa, akamvisha mtoto shingoni huku akiwaita marehemu mmoja mmoja kwa majina. Damu ikamchuruzika hadi kitovuni. Mwanangu akanitazama. Jameni, akanitazama mimi, nami nikainamisha kichwa kwa kuogopa kuvunja shughuli ya watu.

Busaa nayo ilimwagwa mlangoni.

Surat Al-Maida, aya ya 3, imeharamisha kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Mashemeji, hamwezi kusema hamkujua, maana niliwasomea na kuwafasiria kwa Lubukusu. Nilipouliza nikaambiwa "mila haina dini". Basi yule mzee alikuwa anawaomba akina nani?

Mngenikatalia waziwazi ningeshukuru. Mlinikubalia usoni, mkanigeuka mbele ya mtoto. Msikitini ninaambiwa "tulikuonya", na sina jibu.

Mdogo wake zamu yake ni Agosti hii. Atacheza, atakuja kwenu, maana nyinyi ni wajomba zake. Lakini mchinjaji atafika tangu jana yake, na atalala hapo hapo zizini na fahali.