Tupeane uzoefu: siku gemu la mdundo lilipokuumbua mbele ya wenzio

Mwana wa Barabara ya Nane
Wakuu, habari za mfungo. Usiku wa kuamkia leo wapiga daku wamepita kwetu Ngamiani na madebe yao, nikacheka peke yangu kitandani mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nikaona nisife nalo.

Miaka mitatu nyuma, Ramadhani kama hii, tulikuwa na kundi letu la osu!, gemu la kompyuta la kugonga noti kwa mdundo wa wimbo, watu kumi na kitu, wengi wa Tanga na Bagamoyo, mmoja yuko Muscat. Tunaanza baada ya tarawehe, tunamaliza karibu na daku. Siku hiyo ni fainali, mimi na jamaa wa Bagamoyo, wengine wote wamo wanatazama. Ngoma ina mapigo 180 kwa dakika. Dakika ya tatu inaisha sijakosa noti hata moja, mgongo mzima umeloa.

Ndipo wakaja. Madebe mawili, ngoma moja na mtoto mwenye filimbi. Wao hawana haraka, wanakwenda zao mwendo wa matembezi. Naapa sikuwa nawasikiliza. Vidole ndivyo vilivyowasikiliza. Vikaacha gemu, vikafuata madebe. Noti zinapita kwenye kioo, mie nagonga "amkeni mle". Kombo, yaani noti za mfululizo bila kukosa, ya mia nane na ushei ikaenda na maji, nikamaliza na alama za mtu aliyekalia kibodi. Chatini jamaa wa Bagamoyo akaandika: "Vipi, umesinzia?" Ningemjibu nini? Kwamba nimepigwa na watoto wa madebe?

Haya, na nyie leteni yenu.

Kidole Chepesi
Nimecheka nimepaliwa na mate, na nimefunga. Dhambi zako.

Mlinzi wa Bahari
Huyo wa Bagamoyo ni mimi!! Miaka mitatu nimetembea kifua mbele nikidhani nilikushinda kwa uwezo. Ungekaa kimya tu, kaka.

Mwana wa Barabara ya Nane
Mlinzi, rudisha ubingwa.

Mlinzi wa Bahari
Ubingwa haurudishwi. Mtu wa pwani anayeyumbishwa na debe, huo mdundo wenyewe anao? Huku Bagamoyo mtoto anazaliwa ngoma zinalia, chuo cha sanaa kipo tangu 1981, tunafanyia hesabu za duka katikati ya mazoezi ya watu na hatukosei chenji.

Bi Sahare
Kwetu ilikuwa jirani na kinu chake. Alianza kutwanga kisamvu nikiwa wa kwanza, akamaliza nikiwa wa sita.

Mgeni Pongwe
Samahani wakuu, niko nje ya mada kidogo. Nimeanza hili gemu juzi, naona kama nagonga sawa lakini linaniambia nimechelewa. Kuna kitu kinaitwa ofseti, cha kusogeza noti zilingane na sauti, naweka ngapi?

Mzee wa Kafe
Nyie watoto wa juzi. Kabla ya hiyo osu! yenu kutufikia sisi tulikuwa na Frets on Fire, gemu la bure la Wafini, la mwaka 2006. Hilo unaibeba kibodi mikononi kama gitaa, mkono wa kushoto unashika F1 mpaka F5, wa kulia unapiga Enter. Nilikuwa nalinda kafe ya mtandao, sitaitaja. Vijana wanakuja eti kutafuta matokeo ya mtihani, ukigeuka wamesimama watatu wamekumbatia vibodi, macho wamefumba. Ndani ya miezi miwili hapakuwa na kibodi yenye Enter inayobonyezeka. Tajiri alidhani ni panya.

Aibu yangu ni siku niliyowaambia "leteni hapa niwaonyeshe", nikachagua wimbo mgumu, na kibodi ile ya bei chee ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja inasoma viwili. Nikaonekana sijui. Nikawaeleza kuwa ni kibodi, wakaitikia kwa pamoja: "Ndiyo, mzee."

Kidole Chepesi
"Ndiyo, mzee" imeua.

Tausi
Mimi nilikuwa mlevi wa Piano Tiles ya kwenye simu, ile ya 2014. Naruhusiwa kuchangia?

Mlinzi wa Bahari
Hapana.

Tausi
Nachangia hivyohivyo. Nilikuwa naongoza darasa zima, nikatoka kula bajia na chachandu, nikarudi kucheza bila kunawa. Kidole kikateleza kutoka kigae cheusi mpaka cheupe. Basi. Ndiyo hadithi yangu.

Chuma cha Duga
Mie bando ndiyo adui yangu. Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ukawa unanyata. Nilipoteza mechi tano mfululizo, noti zote nachelewa. Watu wakaniita mkono wa mbao.

Fundi Simu
Chuma, hapo unajidanganya. Noti zinahesabiwa kwenye mashine yako mwenyewe, mtandao unapeleka alama tu. Mtandao mbovu utakutoa kwenye mechi, hautakuchelewesha kidole. Ulikuwa unatumia eafoni gani?

Chuma cha Duga
Za kawaida.

Fundi Simu
Za waya?

Chuma cha Duga
Bluetooth.

Fundi Simu
Haya sasa. Hizo sauti inakufikia imechelewa milisekunde mia na hamsini, mia mbili, nyingine zaidi. Kwenye ngoma ngumu gemu linakuachia kama thelathini kila upande wa pigo. Unacheza wimbo uliokwisha kupita. Ulilaumu samaki wa bahari bure.

Chuma cha Duga
Wewe ulikuwepo? Nilipobadilisha laini siku ile ile nilishinda.

Fundi Simu
Ulishinda kwa sababu eafoni ziliisha chaji.

Chuma cha Duga
...

Mgeni Pongwe
Na mimi natumia Bluetooth. Kwa hiyo ofseti ni mia mbili?

Chuma cha Duga
Usiguse ofseti, zoea tu.

Mzee wa Kafe
Weka muziki kimya, tazama kwa macho.

Fundi Simu
Dogo, usiwasikilize hao. Nunua za waya, elfu tatu sokoni.

Kidole Chepesi
Bibi yangu ananisikia kila usiku napiga kelele "nimepoteza kombo!" Juzi kaniita pembeni: "Mjukuu wangu, huyo Kombo Mpemba ndiye nani, kila siku anapotea nanyi hamuendi polisi?"

Bi Sahare
😂 Bibi apewe ulinzi.

Ngoja niseme langu sasa, nililitaja kinu tu nikakimbia. Wengine humu mnakumbuka osu! ngoma karibu zote zinapangwa na wachezaji wenyewe, yule Mwaustralia Dean Herbert alitoa gemu 2007 na kazi ya noti imekuwa ya umma. Nikajiuliza, Tanga hii ya bendi za taarab Black Star na Lucky Star, mji alikoimba Bi Shakila, mbona tunagongea nyimbo za Wajapani tu? Nikachukua kaseti ya mjomba, taarab iliyorekodiwa harusini, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaanza kuipanga.

Kwa asiyejua: unaliambia gemu wimbo unaanzia wapi na una mapigo mangapi kwa dakika, halafu unapachika noti juu ya mistari. Nyimbo za kompyuta ukishaweka mara moja umemaliza. Nikaweka 96. Ubeti wa kwanza sawasawa. Kiitikio kimeanza kuvuta. Ubeti wa pili noti ziko huku, wimbo uko Pangani. Nikarekebisha. Ukaharibika mbele zaidi. Wiki tatu, jamani, nikitoka kazini nakaa na hiyo harusi. Mwisho nikachoka, nikasema itoshe, nikawatumia kundini kwa mbwembwe: "Taarab ya kwanza, imepangwa na mwanamke wa Sahare."

Watu kumi na moja wakaingia. Kufika kiitikio cha pili wameanguka wote, kama maembe. Kimya. Halafu mmoja akaandika, "Bi Sahare, hii umepanga ukiwa macho?" Mwingine akasema wimbo wenyewe mbovu, bendi haijui kushika mwendo. Hapo ndipo nililia. Si kwa ajili yangu. Ile bendi ndiyo iliyopiga harusini kwa mamangu.

Nikampelekea mjomba kompyuta. Akasikiliza na kahawa yake. Akanyoosha kidole: "Hapo watu wameanza kutunza." Akasikiliza tena. "Hapo katunza mwenye harusi mwenyewe." Kumbe hela zikimiminika, dumbaki, ile ngoma ya taarab, linaongeza mwendo! Kisha mwimbaji akitaka neno liwachome walengwa, wote wanamngoja. Nikarudi nikaweka alama za mwendo arobaini na moja kwa wimbo mmoja, kila penye noti za benki. Ukakaa.

Mwana wa Barabara ya Nane
"Kila penye noti za benki". Bi Sahare nakuvulia kofia.

Mlinzi wa Bahari
Ni mimi niliyesema bendi haijui kushika mwendo. Nimejisikia vibaya kidogo.

Bi Sahare
Nilijua ni weye. Kidogo tu?

Mpangaji wa Chumba cha Nyuma
Sikutaka kuandika lakini dumbaki limeniamsha.

2022 nilipanga Makorora, nyumba ya vyumba sita, LUKU moja. Kila mpangaji ana zamu ya kununua umeme. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, mstaafu wa bandarini, hacheki hata kwa sikukuu. Nilikuwa na deni la miezi miwili, laki moja. Nikisikia anakohoa ukumbini nazima taa.

Mtandaoni nilikuwa na mwenzangu wa kucheza osu! upande wa taiko, ile ngoma ya Kijapani: noti nyekundu unapiga katikati, ya bluu unapiga ukingoni, vitufe vinne tu, Z X C V. Anajiita Pwani_Tulivu. Sikuwahi kumshinda. Anaandika Kiswahili kamili, ana nukta na mkato, nikajua ni mwanachuo anasomea lugha. Tukazoeana, nikawa namwaga ya moyoni. Nikamwambia nina mwenye nyumba mnoko, leo nimemzungusha kuwa mshahara umechelewa. Akaandika: "Pole. Umechelewa kweli?" Nikamjibu thubutu, nimenunua kibodi mpya. Akaandika: "Nzuri?"

Ikawa umeme ukikatika kwetu, mie naendelea, laptopu ina chaji na bando liko kwenye simu, lakini yeye anapotea palepale. Nikasema basi naye yuko Tanga. Mji mkubwa.

Usiku mmoja giza likaingia, Pwani_Tulivu akapotea. Nikachungulia dirishani. Mtaa mzima unawaka. Ni sisi tu. LUKU imeisha, na zamu ilikuwa yangu.

Nimesimama gizani nikasikia kutoka chumba cha mbele, polepole, sauti ninayoijua: "Kombo mia tano, hiyo."

Narudi, mteja kaingia.

Kidole Chepesi
WEWE! RUDI HAPA!

Tausi
Nimekaa mkao wa kula na futari bado saa tatu.

Chuma cha Duga
Hii chai, tena haina hata tangawizi. Mstaafu wa bandari acheze taiko?

Bi Sahare
Kwani vidole vinastaafu?

Mzee wa Kafe
Chuma, wewe uliyelaumu nyaya za baharini ndiye wa kusema watu wanatunga?

Chuma cha Duga
Mzee, usinianze.

Mlinzi wa Bahari
Mteja gani huyo hamalizi kununua? Mwambie duka limefungwa.

Mgeni Pongwe
Wakati tunamsubiri, ile ofseti...

Kidole Chepesi
Dogo kausha kwanza.

Mpangaji wa Chumba cha Nyuma
Nimerudi. Alitaka unga robo tu, akaanza kunieleza ya mgonjwa wake.

Mzee akatoka na tochi ya simu, moja kwa moja hadi mlangoni kwangu. "Zamu ya nani?" Nikasema yangu, mzee. Hakugomba. Akamulika chumba, akamulika meza, tochi ikatua kwenye kibodi. Akaitazama sana. Akaweka vidole vinne juu yake, akagonga mara mbili tatu, taratibu, kama mtu anayejaribu ngozi ya ngoma.

Akasema, "Nzuri."

Mwili uliisha nguvu. Umeme niliununua palepale kwa simu, elfu tano, mikono inatetemeka nikakosea tarakimu mara mbili, naye amenimulikia.

Kesho yake ndiyo akanieleza. Ujanani alipiga dumbaki kwenye taarab. Kompyuta aliachiwa na binti yake aliyehamia Dodoma. Kuhusu mimi alishajua siku ile ile ya mshahara, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumdanganya asubuhi, halafu usiku nikamwandikia mwenyewe. Na ukuta wangu ulikuwa unagonga sawasawa na ngoma anayoicheza.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akaniambia ningesema ungeacha kucheza.

Deni akalipangia utaratibu: kila ngoma nikimshinda, inatoka elfu moja. Nilikaa mle mwaka mzima. Zimetoka elfu nne.

Tausi
Nampenda huyu mzee.

Mwana wa Barabara ya Nane
Uzi wangu umeporwa na sina kinyongo.

Fundi Simu
Mpangaji, lipa kodi ya watu.

Mzee wa Kafe
Asilipe! Akilipa watacheza kwa ajili gani?

Chuma cha Duga
Bado nasema chai.

Mpangaji wa Chumba cha Nyuma
Chuma, mzee bado anacheza, kila siku baada ya isha. Na humu huwa anasoma, hachangii tu. Mtafute mcheze, uje utuambie kama ni chai.

Mgeni Pongwe
Jamani mimi nimenunua za waya kama nilivyoshauriwa. Ofseti naweka ngapi?

Pwani_Tulivu
Kijana wa Pongwe, anza na sifuri. Cheza ngoma rahisi tatu, ukitazama kipimo kilicho chini ya kioo. Alama zikielemea upande mmoja, ndipo usogeze, tano tano.

Wa chumba cha nyuma: ni elfu tatu. Ile ya nne umeme ulikatika.